Goti la Kulia, Upande wa Ndani

…na Florian anasema mashine haichoki, mama, mashine haitetemeki, Devotha anamkatiza, hiyo roboti ya upasuaji haifanyi kazi peke yake, kaka, nani kakudanganya, ni daktari yuleyule anashika msumeno kwa mkono wake, yenyewe inamzuia tu asipitilize mstari, na mimi simu nimeilaza ukingoni mwa ungo, spika wazi, wanangu wote wawili wamo humo ndani wanagombania goti langu, Florian yuko Dar es Salaam, Devotha yuko Songea kwenye wodi yake anakouguza wagonjwa wa watu, na mimi hapa barazani Mbuji nachambua maharage ambayo sijui nampikia nani, natoa jiwe, natoa lililooza, natoa jiwe… goti lenyewe la kulia, tena si lote, upande wa ndani tu, daktari bingwa aliyekuja pale hospitali alinionyesha kwenye picha, bibi, unaona, huku nje bado kuzuri, huku ndani mifupa inasagana, sina haja ya kukubadilishia goti zima, tutaweka kipande upande huu mmoja, kisha akaliweka goti langu kiganjani mwake, akalikunja taratibu, akalinyoosha, kiganja cha moto, nikageukia ukutani maana machozi yalikuwa yananijia, akadhani ni maumivu, akasema pole, nikaitikia asante, ningemwambia nini, kwamba tangu tumzike Bernadi, mume wangu, hakuna aliyenigusa zaidi ya kupeana mkono wa amani kanisani… akaniuliza kazi yangu, nikasema ngoro, kilimo chetu cha mashimo, akacheka, akasema basi jibu ndilo hilo, yeye ameyaona yale mashimo ya mlimani akiwa barabarani, hakumwona Bernadi akikata nyasi na kuzilaza miraba miraba, bila kamba, kwa jicho tu, na mimi nyuma yake na jembe nazifukia, mguu mmoja juu, mmoja chini, msimu hadi msimu, mimi mtoto wa Ngumbo niliyekulia kwenye mchanga wa ziwani, mama mkwe alinicheka siku ya kwanza, hiyo miguu ya tambarare itavunjika huku kwetu, haya mama, haikuvunjika, imesagika, ungekuwepo ungefurahi, na mimi ningefurahi pia, angalau ungekuwepo wa kunicheka…

"Mama, upo?" nipo, nataka kusema nipo, lakini wameshaendelea, Florian anasema India, kwenye roboti, ameongea na watu wa huko, ameshawatumia ile picha, Florian huyu kitu kipya hakimpiti, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja na malori yao ndiye aliyemkalia baba yake shingoni aachane na chama cha ushirika, sasa ni roboti, na sauti yake ni ya Bernadi kabisa akiwa amekasirika, nasikiliza sauti kuliko maneno, zamani sauti hii niliisikia Krismasi na Pasaka, basi, tangu nianguke kwenye mteremko wa kisimani naisikia kila Jumapili baada ya misa, mama goti, mama umekunywa dawa, mama usibebe ndoo, na Devotha naye hivyohivyo, goti, goti, goti… sasa likipona watanipigia kuuliza nini? Mkono wangu umesimama juu ya maharage. Watauliza nini? Mimi nao tuna nini kingine, mvua, bei ya kahawa, nani kafa… "kwa roboti kesho yake anasimama, anaruhusiwa," anasema Florian, na Devotha, "sawa, ya mkono atalala wodini siku kadhaa, ubaya wake ni huo tu, lakini mwaka ukiisha goti ni lilelile, tumuhangaishe mama mpaka India kwa lipi," ubaya wake ni huo tu… wodini, kitanda kwa kitanda, kuna wa kukoroma na wa kusali kwa sauti, asubuhi jirani anakuuliza bibi umeamkaje na anangoja umjibu, binti wa zamu anakuamkia shikamoo huku anageuza mto wako, uji unakuja, mtu anakufunua shuka atazame kidonda, anakushika, na moyo wangu unaruka kama wa msichana, naona aibu, mwanamke mzima natamani kidonda kinachochelewa kupona… na daktari alisema neno moja ambalo hawa wawili hawajaligusa, kwamba iwe mashine iwe mkono, nyumbani lazima awepo mtu wa kulikunja goti kila siku, la sivyo litakakamaa, nikaitikia ndiyo daktari, watoto ninao.

"Mama, upo? Tunakungoja wewe. Roboti au mkono?"

"Nikirudi nyumbani, nani atakuja kulikunja?"

Kwa Florian honi za magari, kwa Devotha kuna mtu anaita sista, sista, nasikia mpaka pumzi zao, wote wawili, nawajua wakinyamaza hivi, ndivyo walivyonyamaza siku tuliyoanua matanga, nilipouliza nani atalala hapa usiku huu, kisha wanasema pamoja, Florian tutatafuta binti wa kazi, mama, nitatuma hela, Devotha likizo yangu mama unajua mambo ya wodini, halafu Florian tena, "hilo baadaye, tumalize kwanza la upasuaji," na hapo najua, najua bila hasira, hata nashangaa ilivyo rahisi kujua, hawaji… "Mkono," nasema. "Mkono, hapahapa." "Kwa nini, mama?" Jibu halingojwi, Devotha keshapiga kelele umesikia kaka, na Florian mama haelewi hii teknolojia, wanaendelea, wanangu, kwenye ungo, naweka kando maharage na simu yao, nalitia goti kiganjani mwangu mwenyewe, nalikunja taratibu, nalinyoosha.