Mjomba, Kunja Suruali

Mwanamume akibisha kwako na jina la ukoo mdomoni, tazama kwanza ananing'iniza nini shingoni. Ndinda hakutazama. Ndiyo maana mambo haya yameandikwa: mama mwenye binti asome, na asiyejua kusoma asomewe.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, Kawangware, kwenye ploti ya vyumba kumi vya mabati. Ndinda alikuwa ametoka Mwala kumfuata mumewe Munyao, fundi wa mbao, na pale plotini akawakuta wanawake wengine wa Machakos na Kitui. Wakaanzisha mwethya. Kule nyumbani mwethya ni watu kukusanyika, leo mnalima shamba la huyu, kesho la yule. Hapa Nairobi shamba halikuwepo, basi wao wakasuka viondo.

Kila Jumamosi walikaa uani kusokota katani, na kusokota kuna njia moja tu. Unakaa chini, unanyoosha mguu, unapandisha leso mpaka pajani, unapaka jivu kidogo, kisha unaviringisha nyuzi mbili juu ya ngozi kwa kiganja mpaka zishikane. Juu ya nguo uzi unateleza. Kwa hiyo ni kazi ya wanawake peke yao, na geti linafungwa. Mwanamume akitaka kupita anakohoa nje, anangoja leso zishuke.

Kavoi alikohoa vizuri sana.

"Hodi, akina mama! Naitwa Kavoi, natoka jumba la makumbusho huko mjini. Nimeambiwa hapa kuna mtu wa Aombe."

Aombe ni ukoo aliozaliwa Ndinda. Miaka kumi na minane Nairobi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. "Ni mimi," akajibu, na moyo wake ukaruka kama wa msichana.

"Na mimi ni wa Aombe. Basi wewe ni dada yangu, mtoto wa baba."

Kwa Wakamba hayo si maneno ya kupitisha wakati. Wa ukoo wako ni ndugu yako, na watoto wako ni wapwa zake papo hapo. Sasa mjomba utamwacha nje kama muuza omena? Katunge, mwenyekiti wa mwethya, mama wa miaka sitini na meno machache, ndiye aliyesema, "Mfungulieni. Mjomba ni mama mwenye ndevu."

Geti likafunguliwa. Leso hazikushuka.

Mjomba akanywa chai, akasema maneno matamu. Watalii wamechoka kutazama simba, sasa wanataka kuwaona watu na mila zao. Jumba lake lina vitu vingi vya kale lakini vimekaa kimya kwenye vioo. Mwethya ina mikono. Basi washirikiane: jumba lilete wageni hapa hapa uani, mwethya iwaonyeshe kazi na kuwauzia viondo bila dalali. Akina mama wakapiga vigelegele. Kisha akainua kamera, "picha za ofisi tu, dada", na kamera ikalia kwa! kwa! kwa! upande aliokaa Wayua.

Wayua alikuwa binti wa Ndinda, miaka kumi na sita, Fomu Tu, yaani kidato cha pili. Alikuwa ameinamia uzi wake. Ndinda alisikia kamera ikilia kupita kiasi. Akajiambia: nyamaza, huyo ni mjomba.

Wiki tatu baadaye, Jumapili baada ya kanisa, Sella Mideva akaja kwa miguu kutoka Kibera. Sella alikuwa Mluhya wa Laini Saba, mtaa wa huko huko Kibera, na yeye na Ndinda walijifungua wodi moja, usiku mmoja, kitanda kwa kitanda, tangu hapo wakaitana pacha. Kazi yake ilikuwa kufagia jumba lile lile la makumbusho. Hakukaa. Alifungua Biblia akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Ziko stoo, maboksi kwa maboksi," akasema. "Nyingine zimeshaenda mahotelini. Angalia, pacha wangu, huyu si mtoto wetu?"

Karatasi ilikuwa ya matangazo, yenye rangi, inang'aa. Mguu wa Wayua ulijaa karatasi nzima kutoka gotini mpaka leso ilipoishia. Uso ulikuwa pembeni, nusu. Chini kulikuwa na Kizungu.

"Soma," Ndinda akamwambia bintiye.

Wayua akasoma, kisha akatafsiri polepole. "'Msichana wa kabila, kama walivyoishi kabla ya shule na kanisa. Njoo umwone akiwa hai. Kila Jumamosi.'"

"Akiwa hai!" Sella akasema. "Kama chatu wa maonyesho!"

Ndinda alikaa kitandani. Mawazoni aliiona karatasi ile mikononi mwa hedimasta. Aliiona mifukoni mwa wanaume asiowajua, wakiitoa, wakiikunja, wakiitoa tena. "Wewe," akamwambia Wayua, "hutaonekana tena hapo uani."

"Mathe, ni mimi nimekosa?" Wayua hakulia, na hilo lilimuumiza mamaye zaidi. "Mguu ni mguu, hata wewe unao. Lakini yule mtu anajua jina langu. Alikunywa chai nimepika mimi. Mbona hakuliandika?"

Ndinda akaikunja ile karatasi, akaitia kifuani.

"Na Jumamosi ile nyingine ni zamu yetu huko Kibera," Sella akasema. "Kikundi chetu cha ngoma. Huyo Kavoi anataka tupige ngoma ya matanga na tulie kabisa, na hakuna aliyekufa. Mtu wetu atailiaje maiti ambayo haipo? Sasa nataka kujua, nyinyi mlimjibu nini?"

"Hatukumjibu kitu."

"Basi mjibuni, ndiyo na sisi tujue pa kusimama."

Ndinda akaenda moja kwa moja kwa Katunge. Mama wa watu aliigeuza ile karatasi juu chini, akapumua. "Ni vibaya. Lakini wageni wanakuja Jumamosi, Ndinda. Tukiwafukuza, viondo tumpelekee nani? Yule dalali wa mjini anayetucheka? Vumilia, mwanangu. Mguu hauishi kwa kutazamwa."

"Sitawafukuza," Ndinda akasema. "Nitawapokea. Lakini safari hii nitawapokea mimi."

Jumamosi basi dogo likasimama getini. Wakashuka wazungu kumi na mmoja, pamoja na mama mzee mwenye mwavuli, na Kavoi mbele yao amevaa tai. Geti lilikuwa wazi. Lakini uani akina mama walikuwa wamekaa na magauni meupe ya kwaya, miguu imekunjwa chini, na katikati kiondo kimoja kikubwa, cha kubebea mahindi, mdomo wazi.

Kavoi akasogea kwa Ndinda, sauti chini. "Dada, ni nini hii? Leso ziko wapi? Hawa wametoka mbali kuona kazi."

"Kazi wataiona. Kwanza kamera zote ziingie humu." Akakisukuma kiondo kwa mguu.

Kavoi akacheka, akawageukia wageni, akasema kitu kwa Kizungu. Wageni wakatikisa kichwa kwa huruma.

"Amesema nini?" Ndinda akauliza.

Wayua alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao, ndani ya yunifomu ya shule, soksi mpaka magotini. "Amewaambia tunaogopa kamera eti inanyonya roho."

Uani kukawa na kicheko ambacho wapangaji wa ploti ya pili walikisikia. "Mwambie," Ndinda akasema, "roho yangu ina mwenyewe, yuko mbinguni. Ninaogopa wezi."

Wayua akawaambia wageni, yote, bila kupunguza. Mama mzee wa mwavuli akafungua mkoba, akatoa ile karatasi, akauliza swali akimtazama Kavoi. Kavoi akajibu haraka haraka, mkono ukionyesha mbali.

"Ameulizwa msichana huyu yuko wapi," Wayua akasema. "Anajibu ni wa kijiji cha mbali." Kisha akatoka mlangoni, akapita katikati ya akina mama mpaka mbele ya yule mama mzee, akasema kwa Kizungu chake cha Fomu Tu, na baadaye kwa Kiswahili ili mamaye asikie: "Ni mimi. Naitwa Wayua Munyao. Kuhusu kanisa, niko kwaya. Kuhusu shule, Jumatatu nina mtihani wa hesabu."

Mama mzee alitazama karatasi, akatazama yunifomu, akatazama karatasi tena. Akavua kamera shingoni, akainama, akaitia kwenye kiondo. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kama watu wa sadaka.

"Haya," Ndinda akasema. "Sasa mtaona katani inavyosokotwa. Mjomba, kunja suruali."

"Nini?"

"Kunja suruali. Mpaka pajani."

"Dada, heshima kidogo. Mbele ya wageni?"

"Heshima ulikuwa umeiacha wapi siku ile? Wewe si wa Aombe? Si ndugu? Basi kwa ndugu hakuna siri. Kunja."

Kavoi akatazama geti. Getini alisimama Sella na watu wanne wa ngoma kutoka Kibera, mikono kifuani. "Bwana Kavoi," Sella akasema kwa upole, "kila siku nafagia nyayo zako. Leo kaa chini kidogo."

Kavoi akamgeukia Katunge, mwenyekiti, mtu mzima, amwokoe. Katunge akainuka polepole, akaingia jikoni, akatoka na kibakuli.

"Hata jivu nimekuletea, mwanangu. Bila jivu utaumia."

Kavoi akakaa chini na tai yake. Akakunja. Paja lilikuwa jembamba, jeupe kwa kukosa mafuta, lina nywele nyingi. Ndinda akamwekea nyuzi mbili, akamshika kiganja, akamwonyesha. Mviringo wa kwanza katani ikashika nywele ikang'oa.

"Uuui!"

"Pole, mjomba. Endelea."

Wageni walicheka. Kisha mzungu mmoja mrefu akakaa chini na yeye, akakunja suruali, akanyoosha mkono apewe jivu. Halafu wa pili. Mpaka adhuhuri mapaja mekundu yalikuwa yamejaa uani, na kamba waliyotoa ilikuwa mbaya kama mkia wa panya. Akina mama ndio waliokuwa wakitazama. Viondo viliondoka vyote, kimoja hakikubaki.

Kavoi alipokuwa anakunjua suruali alinong'ona, "Umeniaibisha, dada."

"Nusu tu," Ndinda akasema. "Picha ya paja lako haiendi mahotelini."

Jumatatu jioni Kavoi alirudi. Akakohoa nje ya geti, akangoja sana, hakufunguliwa mpaka mtihani wa hesabu ulipokwisha kusimuliwa wote. Alileta mkataba kutoka kwa wakubwa wake. Wale wageni walikuwa wamewaandikia wakubwa hao barua, wengine wanataka kuja tena. Wayua akausoma kwa sauti mara tatu, na kila mara Ndinda aliweka sharti. Wageni waje, lakini akina mama waeleze wenyewe na mtoto wao atafsiri. Picha ipigwe ya aliyekubali, na jina lake liandikwe. Kibera wapige ngoma za harusi na za mavuno, matanga waachiwe wenyewe. Karatasi zote za stoo zikaletwa Kawangware. Zilichemsha muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, siku mbili, zikitoa moshi wa rangi.

Zile za mahotelini hazikurudi. Hapo ndipo pa kuogopa, mama unayesoma. Miaka sita baadaye Wayua, akiwa nesi, mgonjwa alimwonyesha moja. Picha ikishatoka nyumbani haina njia ya kurudi.

Jumba likaomba kiondo kimoja cha kuweka kwenye kioo. Ndinda akawapa kimoja ambacho hakijaisha, mdomo wake haujafungwa, nyuzi zinaning'inia, na kadi ya jina lake kwa mwandiko wa Wayua. Kila mwanzo wa mwezi anaingia kwa mlango wa mbele, Sella anamfungulia kioo, anaongeza mstari mmoja wa katani, wageni wakimtazama akiwa amekaa kwenye kiti.

"Dada, kitaisha lini?" Kavoi alimuuliza mwaka jana, mvi zimeshamwingia.

"Siku karatasi zile za hoteli zitakaporudi zote," Ndinda akasema, akauma uzi, akaufunga.