Kiapo cha Saa Sita

Curdin hakuingia ndani. Alisimama barazani pa nyumba ya wapandaji kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, mgongo ukifuka mvuke, huku dada yake Ursina, mtunza nyumba hiyo, akimshikia kikombe ili yeye afunge meno ya chuma kwenye viatu. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa ametoka kisimani kijijini saa kumi na nusu, mbio tupu, bila kamba wala mwenzake, na mfukoni hana kitu zaidi ya kipande cha keki ya jozi.

"Kitabu," Ursina akasema.

Curdin akaandika haraka haraka: kilele cha Piz Sumbriva, ukingo wa mashariki, peke yangu.

"Muongo wewe!"

"Sasa niandike kweli, Duri aje aisome? Yule ana pua ya mbweha."

Bondeni kwao kitabu kile kilikuwa sheria. Kila anayepita huandika njia yake, ili akipotea watu wajue pa kumtafuta. Lakini wakimbiaji wa milima walikuwa na tabia yao mbaya: aliyegundua njia ya mkato aliandika nyingine hadi arudi na ushindi. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Kwenda kileleni na kurudi kijijini, Duri Cadosch alitumia masaa matano na dakika mbili, na kwa miaka sita hakuna aliyemshinda. Vuli iliyopita Curdin alikuwa amepata pa kukatiza katikati ya barafu kuu, kwenye nyufa, panapookoa dakika ishirini. Alimwambia dada yake tu.

"Nikichelewa usipige simu kabla ya saa sita. Niapie."

"Saa sita? Si umesema saa tatu utakuwa hapa?"

"Niapie, dada. Au unataka na mimi niitwe Keki?"

Ursina alicheka. Mwaka uliotangulia mke wa mpandaji mmoja aliita helikopta, kumbe mumewe yuko kwa jirani anakula keki, na tangu siku hiyo jina la mume huyo ni Keki, hata msibani. Basi akaapa. Aliapa huku anacheka, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Saa tatu ikafika, ikapita. Ursina alikoroga supu ya shayiri isiyohitaji kukorogwa. Saa tatu na nusu alitoka nje, na theluji ya mlangoni ikammeza mguu hadi kifundoni. Njia ya Curdin ilipita juu ya madaraja ya theluji yaliyoziba nyufa. Alfajiri ni magumu kama sakafu, jua likishapanda ni mkate uliochovywa kwenye maziwa. Akarudi ndani, akakoroga tena.

Saa nne akaingia Duri mwenyewe, yeye na mteja anayemwongoza mlimani, wamechoka na wanataka supu. Akakisoma kitabu kabla hajavua kofia.

"Mama mwenye nyumba! Mdogo wako ameota mabawa?"

"Kwa nini?"

"Anasema kapita ukingo wa mashariki. Mimi ndiko nitokako. Hakuna hata alama ya jino la kiatu."

"Labda hukutazama vizuri."

"Nimezaliwa juu ya ukingo ule, Ursina." Akaketi. Utani ukamtoka usoni. "Kapita wapi?"

Hii ndiyo pua ya mbweha, Ursina akawaza. Anataka njia.

"Kapita alipoandika."

"Theluji inalainika. Sitamwambia mtu. Nieleze tu."

"Kunywa supu yako, inapoa."

Duri hakuinywa. Alikwenda dirishani, akasimama pale muda mrefu, na Ursina alimchukia kwa kusimama kwake. Mara tatu aliinua simu, mara tatu akairudisha. Akilini alimwona Curdin akiingia na cheko lake, akisema dada umeniaibisha, dakika kumi tu zilikuwa zimebaki. Saa tano wingu lilishuka kutoka upande wa kusini, likafunika kilele, kisha barafu yote. Aliogopa sasa, aliogopa kabisa, lakini kiapo kilikuwa kiapo, na saa sita haikuwa mbali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ursina aliujua msemo huo na bado aliitazama saa ya ukutani.

Ilipogonga, alisema yote kwa pumzi moja.

Duri hakumkemea. Alikwisha kuitwaa kamba. Waokoaji wakajibu simuni kwamba helikopta haiwezi kupaa kwenye wingu lile, tangu saa tano imeshindikana.

"Ungeniambia saa nne," Duri akasema mlangoni, kwa upole, na upole ule ulimkata kuliko matusi.

Walimleta saa kumi jioni, Duri na waongozaji wawili waliopanda kutoka kijijini, amefungwa kwenye machela ya kuburuta. Ursina alipiga magoti. Uso ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo.

"Alikufa pale pale," Duri akasema. "Alianguka ufani, kwisha. Hakujua kitu."

Ursina akafunua blanketi, akashika mikono ya mdogo wake. Kucha zilikuwa zimeng'oka, vidole vimechubuka hadi nyama.

"Duri, usinidanganye. Leo nimedanganya mimi, inatosha."

Duri akavua kofia. Alitazama chini, kisha akamtazama machoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli.

"Tulipomfikia," akasema, "kwapani alikuwa bado na joto."