Pedali Yenye Vifundo Sita

Mtu akikuletea kitu kisicho na maelezo, mwulize kwanza kinafanyaje kazi. Kisilu hakuuliza. Binamuye Bartholomew, mfanyakazi wa hoteli Nairobi, alimletea pedali ya gitaa iliyoachwa na mgeni: kisanduku cha chuma chenye vifundo sita vya kuzungusha. Unaikanyaga kwa mguu, gitaa linaanza kukwaruza. Kisilu akasema Mungu si Athumani.

Na haja alikuwa nayo. Mulwa, mwenye bendi, alikuwa anaenda Nairobi kurekodi kaseti, na mpiga gitaa la solo ni mmoja tu. Ama Kisilu, ama Maundu, yule kijana wa Ndithini. Mulwa angewasikiliza wote wawili siku ya soko pale Ekalakala. Kisilu alikuwa amepigia bendi ile solo tangu haijapata hata jina. Kuachwa sasa? Angeona haya hata kupita barabarani.

Basi akazungusha. Kifundo kimoja kikanguruma, kingine kikapiga mluzi, cha tatu hakikufanya chochote, au kilifanya, nani ajuaye! Ukigusa hiki, kile kinabadili tabia. Mwishowe ikatoka sauti. Nene, yenye kikohozi kidogo, gitaa likalia kama mtu anayeeleza shida zake. Nywele zilimsisimka. Upesi akachukua rangi ya kucha ya mkewe Nthambi, akatia alama kwenye kila kifundo.

Kesho yake akatoka shambani, akaunganisha nyaya, akakanyaga. Asi! Sauti nyingine kabisa, kavu, inakatikakatika, na alama ziko palepale. Akalaumu waya. Akalaumu betri ya gari inayoendesha amplifaya, akaazima nyingine kwa jirani. Wapi! Siku iliyofuata ile sauti nene ikarudi, akaruka kwa furaha, na kabla hajamaliza wimbo ikapotea tena. Akatia masikio yake mafuta ya uvuguvugu. Akamshuku Maundu kuwa ameenda kwa mganga. Halafu akaanza kushuku kichwa chake mwenyewe, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Siku ya soko ikafika. Maundu alipiga vizuri, tena vizuri sana, tusidanganyane. Ikafika zamu ya Kisilu. Akakanyaga.

Ikatoka! Ileile, na kikohozi chake. Mulwa akaimba mstari, gitaa likamjibu neno kwa neno, maana Ukambani gitaa lisilomjibu mwimbaji ni kelele tu. Akina mama wa ndizi waliacha wateja wakacheza. Wimbo ulipoisha, pedali ikazimika.

“Ni wewe,” Mulwa akasema huku akimkumbatia. “Keshokutwa twende. Lakini nataka sauti hiyo hiyo, usinibadilishie hata kidogo. Ukikuja bila hiyo, namchukua Maundu.”

Nyumbani Nthambi alipoambiwa pedali imezimika, alicheka.

“Baba Mutinda, si ni betri! Ile ndogo ya mraba iko ndani. Ukienda shamba mimi huitoa, naiweka kwa redio nisikie matangazo ya vifo. Ikichoka naianika juu ya mabati, ikipata jua inaamka, nairudisha kabla hujafika. Leo niliianika kidogo tu, nisikucheleweshe.”

Kisilu akaketi chini, pu! Kumbe siku zote hizo alikuwa anahangaika na vifundo bure. Sauti aliyoipenda ilikuwa ya betri inayokata roho. Amgombeze mke? Kwa lipi, na yeye ndiye aliyemponya bila kujua? Akaianika tena mwenyewe, akaingoja kama mgonjwa. Haikuamka.

Akakimbilia dukani kwa Wambugu.

“Niuzie betri ya mraba. Iliyochoka.”

“Iliyochoka?” Wambugu akamkodolea macho. “Kila siku watu wananigombeza eti nimewauzia betri mbovu, na wewe ndiyo unataka?”

“Tafadhali, mzee. Niko na shida.”

Wambugu akainama nyuma ya kaunta, akaibuka na katoni nzima ya betri alizorudishiwa, akaimwaga mbele yake.

“Chukua bure. Lakini ziko tofauti tofauti. Wewe unataka iliyochoka kiasi gani?”

Kisilu akaokota moja, akaigeuzageuza, akaokota nyingine. Machozi yakamlengalenga. Hakujua.