Pipa la Mawese

Kicheko kilitangulia, gari halijaonekana. Rozalia alikuwa ameinama juu ya kichanja, akigeuza samaki wake, migebuka, ishike moshi upande wa pili, aliposikia mwanamke anacheka barabarani kwa kipaza sauti. Kicheko kinene, kisichotaka kuisha. Akajisemea, huyu mama naye hana haya. Kisha huyo mama akasema, "Vitani? Huyo alijificha ndani ya pipa la mawese. Walipomtoa aling'aa kuliko bibi harusi." Mgebuka ukamponyoka Rozalia ukaangukia majivuni, maana sauti ile ilikuwa yake, na mdomo wake alikuwa ameufumba.

Gari la kampeni likakata kona ya soko la Kasingirima, Kigoma, pipa tupu limefungwa juu ya paa. Wauza ndizi wakacheka. Wauza muhogo wakacheka. Mmoja akamwambia Rozalia, "Dada, leo umekuwa msanii."

Pipa lile lilizaliwa wiki iliyopita, pale pale sokoni. Bonaventura alikuwa akigombea udiwani, na kila aliposimama jukwaani alisimulia alivyoingia Kampala mwaka sabini na tisa, bunduki mkononi, katika kundi la kwanza. Gazeti moja la Dar es Salaam likamwita shujaa aliyesahaulika. Jingine likaandika kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwona na sare. Ndipo Yona wa Redio Wimbi, kijana mwenye njaa ya habari kama kunguru wa jalalani, alipoingia sokoni na kinasa sauti, akaelekezwa kwa Rozalia.

Rozalia alisema alichosema, na angekisema hata mbele ya askofu. Bonaventura ni mdogo wa marehemu mumewe, Telesphory. Ni shemeji yake, na shemeji ni mtani, na mtani hana breki. Siku ya harusi yake, Bonaventura alimwambia padri achunguze vizuri, bibi harusi ana mkia. Tangu siku hiyo alimwita Mchawi, naye akamwita Gunia, na wakazeeka hivyo, wakitukanana kwa raha zao.

Alipomaliza hadithi ya pipa alimwambia Yona, "Nakutania, baba. Yule shemeji yangu." Redio ikakata maneno hayo, ikabaki na pipa. Jioni ikatangaza kwamba shuhuda ameibuka. Bonaventura alipokanusha, Yona akasema hewani, kwa sauti ya mtu mwenye akili nyingi, kwamba mgombea anayekana ana jambo. Wapinzani wakainasa sauti ile, wakaitia kwenye gari lao, na pipa juu.

Sasa gari halijafika mbali, Bonaventura akatokea. Rozalia alikuwa amemwekea tusi tayari, tusi zuri, la kumtuliza. Lakini shemeji yake alivua kofia.

"Habari za leo, Mama Gasper."

Tangu harusi hakuwahi kumwita kwa jina la mwanawe. "Mama Gasper ndiye nani? Umeugua, Gunia?"

"Sijaugua. Nimekuja na ombi, kama hutajali."

Kama hutajali. Maneno hayo mtu humwambia karani wa benki. Mtani akianza kukuheshimu, jua kuna kitu kimevunjika, na Rozalia hakuwa na shemeji mwingine duniani. Wengine wote walikuwa wameshalala makaburini Simbo, na Telesphory kati yao.

"Sema," akamwambia.

"Nenda redioni. Kaseme nilipigana. Sema niliingia Kampala na bunduki. Wewe ndiye shuhuda wao, watakuamini wewe."

"Pipa nitalitoa. Bunduki sitaiweka."

"Kaka yangu hakukusimulia?"

"Alinisimulia yote. Ulikuwa unaendesha lori la maharage."

Bonaventura akatazama ziwani, kama vile maharage yenyewe yalikuwa yanaelea huko. "Dereva wa maharage nani atampa kura?"

"Na nani atampa anayekula wali wa watu kwa bunduki ambayo hakuishika?"

"Basi, Mama Gasper," akasema taratibu. "Samahani kwa usumbufu." Akavaa kofia, akaondoka. Hakumtukana hata kidogo.

Kesho yake Rozalia alijifunga kitenge cha sikukuu akapanda ngazi za Redio Wimbi. Yona alimpokea kama malkia. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji, tunaye studioni shuhuda wetu wa pipa. Mama, karibu, na unathibitisha ulichosema?"

"Kwanza nikusalimie, mkwe wangu."

"Mkwe?"

"Wasikilizaji, huyu Yona ameposa kwangu, anamtaka mjukuu wangu. Amekula kuku wetu wawili, na sasa akipigiwa hapokei simu."

Yona akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga ganda la ndizi mbele za watu. "Mama anatania, wasikilizaji."

"Anakana," Rozalia akakiambia kipaza sauti kwa upole. "Na tulifundishwa hapa hapa kwamba anayekana ana jambo."

Simu zikaanza kuita. Mzee mmoja wa Simbo akamwambia Yona aoe, dunia haiendi hivyo. Mwanamke wa Katubuka akauliza kama ni Yona yule yule aliyemkimbia binti yake, na kama siye, basi wanafanana tabia. Mezani simu ya Yona mwenyewe ikatetemeka, jina likajiandika: Happiness. Huyo ndiye alikuwa mchumba wake wa kweli, mwalimu huko Kasulu, na alikuwa anasikiliza. Ikatetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena kwa hasira zaidi.

"Mama," Yona akaomba, jasho limemtoka, "nakusihi uwaambie ni utani."

"La pipa nalo nilikwambia ni utani. Yalikwenda wapi maneno yale?"

Yona akaigeuza simu yake kifudifudi.

"Niliyakata," Yona akasema. "Mama aliyasema, mimi nikayakata."

"Asante. Basi mimi sitakata. Huyu kijana hajaposa kwangu, kuku hakula, na mjukuu wangu ana miaka minne. Sasa lile pipa. Pipa hakuna. Nilikuwa namtania shemeji yangu." Akavuta pumzi. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. "Na bunduki nayo hakuna. Alikuwa anaendesha lori la maharage. Lilikwenda na maharage, likarudi na majeruhi. Mume wangu alirudishwa na lori hilo, amelazwa juu ya magunia matupu, mguu umepasuka, na Bonaventura akamwimbia njia nzima asije akalala akafa. Ana sauti mbaya. Telesphory aliniambia sauti ile ilimuuma kuliko mguu. Watoto wangu wote nimewazaa baada ya lori hilo. Anayetaka kucheka, acheke."

Yona akafuta uso. "Tupokee simu ya mwisho. Nani mwenzetu?"

Mtu akakohoa. "Naitwa Bonaventura. Dereva."

Rozalia akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alingoja aone ataitwa nani. Kama ni Mama Gasper, basi angeshuka ngazi zile akiwa mjane mara ya pili.

"Mchawi," Bonaventura akasema.

Rozalia akafumba macho.

"Umenimaliza, Mchawi. Kura zangu zimekwenda na maharage."

"Hukuwa nazo nyingi, Gunia."

"Nisikilize, na Kigoma yote isikie. Ukitangulia kufa, naahidi nitashuka kaburini mwako kabla ya jeneza, kama ilivyo haki ya mtani. Nitalala chali, nitakuimbia nyimbo zote nilizomwimbia kaka, na sitoki humo mpaka wanao waniletee jogoo. Na jogoo akifika, nitasema ni mdogo."