Ugonjwa wa Tano

Baba Mkubwa Saengthong alikuwa anagombea ukuu wa kijiji, kwa hiyo huruma ikamjaa ghafla. Akachinja ng'ombe, akakodi gari la muziki, akatangaza kuwa anamwingiza utawani kaka yangu Khamphu, yatima. Mwanawe mwenyewe, Wichit, mzima kama nyati, hakuguswa. Yeye na pombe ya mchele hawaachani.

Khamphu ana kifafa. Kikimshika, mimi dada yake ndiye ninayemlaza ubavu na kumfuta povu. Akishavaa joho la manjano, mwanamke haruhusiwi kumgusa hata kidole, na chumbani atalala peke yake.

"Wataniuliza magonjwa matano yanayozuia utawa, kwa Kipali, lugha ya vitabu vyao," aliniambia. "Baba Mkubwa kasema nijibu 'natthi' mara tano, basi."

"La tano unalijua?"

"Hakuniambia."

Angemwambia ningeshangaa. Nikaenda kumuuliza bibi anayefagia hekalu, nikarudi. "La tano ni kifafa. Natthi maana yake sina. Kujibu ni juu yako."

Akainama. "Marehemu mama alitamani sana nivae joho."

Siku ilipofika walimnyoa nywele na nyusi, wakambeba mabegani kuzunguka ukumbi wa hekalu mara tatu, wabebaji wakipepesuka kwa ulevi, naye juu kama gunia. Ndani, nami nikitazama mlangoni, mtawa mwulizaji akamwambia kwa Kipali, kama bibi alivyokuwa kanieleza, kwamba hapa si pa kuona haya, lililopo aseme lipo. Baba Mkubwa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hakuelewa hata neno moja.

Ukoma? Natthi. Majipu? Natthi. La tatu natthi, la nne natthi. Kwenye la tano Khamphu akanyamaza.

"Natthi!" Baba Mkubwa akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka jikoni. "Sema natthi, bwege we!"

Khamphu akamgeukia mtawa mkuu, akasema kwa lugha yetu ya nyumbani: "Ninacho, Baba Mtawa. Kifafa. Juzi tu kimenishika."

Mzee akamjibu: "Umesema vizuri. Joho sheria hainiruhusu kukuvika. Lakini kuja kusoma nasi mchana, nani atakuzuia?"

"Mheshimiwa, ng'ombe kashachinjwa!" Baba Mkubwa akalia.

"Basi mleni."

Baba Mkubwa akatoka mbio. Tukamsikia nje: "Wichit! Amka unyolewe! Wewe huna ugonjwa!" Wichit alikuwa kajilaza chini ya gari la muziki, akamtapikia viatu. Mwenye viatu ndiye mgombea wetu, na wapiga kura wake walikuwa washanawa mikono.

"Umetutia aibu, Khamphu," shangazi akasema tulipotoka mlangoni, mdomo umejaa nyama.

"Kula, shangazi," Khamphu akajibu. "Isije ikapoa."

Nikamshika mkono, mbele ya wanaume wote wale, tukashuka ngazi.