Daraja la Kwanza

Ngumi ya kwanza ilining'oa jino. Ya pili ilinibwaga juu ya kigari cha dawa, chupa zikapasukia chini ya mgongo wangu. Kisha kaka wa mgonjwa, mchomeleaji vyuma, akanikaba koo mbele ya wodi nzima.

"Mdogo wangu alikwambia tangu jana miguu inakufa ganzi! Ukamwandikia nini?"

Nilikuwa nimeandika daraja la kwanza. Mimi, daktari mdogo, ndiye niliyejaza fomu za madhara ya upasuaji wa uti wa mgongo: la kwanza ni dhara dogo, la tano ni kifo. Ila daraja lilipimwa kwa tiba tuliyotoa, si kwa hali ya mgonjwa. Ukimpa vidonge tu, la kwanza. Ukimpasua tena, la tatu. Daktari bingwa wetu alikuwa na miezi sita bila la tatu, na sisi vijana tulimwogopa kuliko Mungu.

Jana yake asubuhi yule mgonjwa, mwashi, aliniambia, "Daktari, miguu hii siielewi. Kama ya mtu mwingine." Nikamtania kwamba mgongo mpya haujamzoea mwenye nyumba. Nikampa vidonge. Ndani damu ilikuwa ikivuja na kuukandamiza uti. Dalili ile niliijua! Najichukia mpaka leo.

Walinzi walimshukia yule kaka kwa virungu mpaka akatapika sakafuni, nami nikawapisha. Bingwa akaja, akaisoma fomu, akanirudishia.

"Iache hivyo. Tutaangalia kesho."

"Kesho miguu itakuwa imekwenda," nikasema, damu ikinichuruzika kidevuni. "Afunguliwe sasa hivi."

Akanizaba kofi. Nikamkamata ukosi, tukasukumana mpaka ukutani kama walevi. Nyuma yetu muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alikuwa ameshafungua breki za kitanda cha mwashi.

"Piganeni vizuri, wanangu," alisema. "Mimi nampeleka."

Bingwa aliona aibu, akamfuata. Walimfungua, wakaitoa damu yote iliyoganda.

Mwashi alizinduka jioni. Nilikaa miguuni pake, nikamshika kidole gumba cha mguu.

"Nikikufinya, niambie."

Akangoja kwa adabu, macho darini.

"Haya, daktari," akasema mwishowe. "Niko tayari. Anza."

Kucha zangu zilikuwa zimeshazama nyamani.