Koleo la Kope

"Mama Zaidi, kope zikinyofolewa mara ngapi ndiyo huchoka kuota?"

Nashilu aliniuliza hivyo miaka sita iliyopita, kichwa chake pajani mwangu, nami nimeshika koleo dogo aliloniachia mama mkwe. Nilicheka. Nikamwambia zitachoka tukishakufa sisi.

Tangu marehemu mume wangu azikwe, kazi yangu ya Ijumaa asubuhi ilikuwa hiyo. Wanawake wa Kwedizinga wenye vikope, wale ambao kope zimegeukia ndani zikawa zinakwaruza jicho, walikuja nikawanyofoa. Sikutaka kitu kwao, nilihesabu ni sadaka. Nashilu, jirani yangu Mmasai, hakukubali kuja mikono mitupu. Daima alikuwa na kibuyu cha maziwa.

Mwaka jana jicho lake la kulia liliingia chamba, jeupe kama ganda la yai. Tukasema ni amri ya Mungu. Tukaendelea na la kushoto.

Mwaka huu, Jumatatu moja, akaja zahanati muuguzi wa macho, Valentino. Nilimpeleka Nashilu mimi mwenyewe. Valentino alimuuliza watoto wa nyumbani kwake wananawa uso mara ngapi kwa siku.

"Ndama hawajapata maji ya kunywa," Nashilu akamjibu, "wewe unasema uso?"

Valentino hakucheka. Aliuliza pia tunajifutia nini. Nikamwonyesha pindo la kanga yangu, hilo hilo moja kwa wote. Kisha akamulika tochi, akapindua ngozi ya juu ya jicho la kushoto la Nashilu, akaniita nichungulie.

"Unaona, mama? Kope ikikatikia njiani, kinachobaki ni kisiki, nacho kinachoma kuliko kope nzima. Zingekuwa mbili tatu, mngenyofoa. Hizi ni nyingi, na ngozi imeshakunjika kwa ndani. Anatakiwa upasuaji, Korogwe. Gari linaondoka hapa Ijumaa saa tatu. Kioo cha jicho kimeanza kuchubuka. Akichelewa, na hili litafuata lile."

Visiki navijua. Ukishakata mtama, shambani unapita kwa kuchagua pa kukanyaga. Kumbe miaka sita nilikuwa nakata mtama ndani ya jicho la mtu, nikimaliza nasema alhamdulillahi. Siku nne za kungoja Ijumaa nilichoka kwa mawazo kuliko msimu mzima wa kulima.

Ijumaa saa moja Nashilu akabisha hodi. Kibuyu begani, dumu la njano mkononi, jicho la kushoto analikinga jua kwa pindo la shuka.

"Lete koleo, Mama Zaidi. Linachoma."

"Gari ni saa tatu."

"Leboo hajarudi na ng'ombe. Nitakatwaje jicho mume wangu hajui?"

"Mpigie simu."

"Huko aliko mtandao uko juu ya mti, na Leboo hapandi miti." Akakaa kwenye kigoda. "Ninyofoe mara hii tu. Akirudi nitakwenda."

"La kulia nalo kila Ijumaa ulisema mara hii tu."

"Nyie Waswahili! Mtu akichungulia kwa tochi mara moja, keshakuwa daktari."

"Siyo udaktari, Nashilu. Lile la kulia nimeliharibu mimi. Sinyofoi tena."

"Ni Mungu aliye—"

"Usimsingizie Mungu. Koleo lilikuwa mkononi mwangu."

Nikalitoa chini ya mkeka, nikaenda nalo chooni, nikalitumbukiza shimoni. Niliporudi aliitazama mikono yangu. Jicho lilikuwa linachuruzika; kama ni ugonjwa au ni uchungu, sikuweza kujua.

"Na ndama?" akasema polepole. "Binti yangu Naitoi kaolewa Kabuku. Lamboni kwenda na kurudi ni saa nzima. Nani atawachotea maji?"

Magoti yangu yananiuma tangu masika. Hata kusujudu siku hizi najishika ukutani.

"Mimi," nikasema.

"Wewe?" Akanikagua kwa jicho lake hilo moja, juu mpaka chini. "Ndama saba wale. Watakuangusha."

"Wakiniangusha nitainuka."

Nje, watu walikuwa wanapita kuelekea zahanati kuliwahi gari. Tulisikia salamu zao. Nashilu akatua kibuyu cha maziwa mezani. Akalisukuma dumu kwa mguu mpaka likagusa wangu, akajitanda shuka, akatoka kuwafuata wale wa zahanati.